Asilimia Sita za Kallaroy

Noreen Tasker alikuwa ameshauandika wasifu wa Kallaroy mara nane, na huu wa tisa aliuandika jinsi mtu anavyofua shuka la mgonjwa, kwa kuwa lazima lifuliwe. Kila baada ya miaka minne, wiki chache kabla ya uchaguzi wa jimbo, gazeti la mtaa lilitaka ukurasa mmoja unaolieleza eneo la uchaguzi: linaanzia wapi, linakaliwa na nani, mbunge ni nani, nani wanakitamani kiti chake, na kama kiti hicho kinang'oka au haking'oki. Noreen aliufungua ukurasa wa mara ya mwisho kwenye kompyuta, akaupa tarehe mpya, akaanza kuwazeesha watu. Mbunge alikuwa na miaka hamsini na mmoja, sasa hamsini na mitano. Bei ya nyumba akaipandisha. Maneno "mitaa tulivu yenye miti mingi" akayaacha yalivyo, ingawa nusu ya miti ilikwisha kukatwa na utulivu wenyewe ulitokana na watu kushinda ndani na feni zao.

Zamani gazeti lilikuwa na ofisi mkabala na stesheni, na wapiga chapa, na mtu wa kutengeneza chai. Ofisini mle sasa huoshwa mbwa. Noreen, mwandishi pekee aliyebaki, alifanyia kazi kwenye maktaba ya umma, meza ya dirishani, kati ya wastaafu waliokuja kusinzia kwenye ubaridi wa bure. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na kiuno kibovu. Hakuwa mwandishi mbaya hata kidogo, tusimwonee. Alikuwa amechoka, na uchovu ukikaa na mtu miaka mingi hujifanya ndio busara.

Mhariri wake aliitwa Brodie Callaway. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akiongoza magazeti kumi na moja ya vitongoji kutoka ghorofa moja katikati ya jiji, na Kallaroy hakuwahi kukanyaga.

"Maneno mia sita, Nor," alimwambia kwa simu siku ya Jumatatu. "Usiniletee habari za kanisa la kwanza wala shamba la maziwa lililokuwepo. Watu wanataka kitu kimoja tu. Kiti ni salama, au kinatikisika?"

"Watu gani hao?"

"Wasomaji, Nor. Unaye hata mmoja?"

"Ninaye. Hunipigia akikwama kwenye fumbo la maneno."

"Basi mwandikie yeye. Ijumaa saa sita mchana, usiniangushe."

Salama au kinatikisika: kanuni ilikuwa ya zamani, wala hakuna aliyekumbuka nani aliitunga. Pengo kati ya mshindi na wa pili wake likiwa chini ya asilimia sita, kiti kinatikisika. Likiwa sita na kupanda, ni salama. Kiti kinachotikisika huletewa mawaziri, shule, taa za uwanja wa mpira na ahadi za kupigiwa picha. Kiti salama huletewa kalenda ya mbunge kila Krismasi, ile yenye sumaku ya kubandika kwenye friji.

Kallaroy ilikuwa na kalenda nyingi sana.

Noreen alikuwa na desturi moja ambayo uchovu haukuwahi kuigusa: kila wasifu lazima uwe na sauti ya mtu mmoja wa kaskazini mwa reli. Reli iliikata Kallaroy katikati. Kusini kulikuwa na stesheni, maduka, zahanati, maktaba, barabara ya kwenda hospitali, na nyumba ya Noreen mwenyewe. Kaskazini kulikuwa na nyumba tu, na shule ya msingi. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mageti ya reli, yale ya mti mwekundu na mweupe unaoshuka barabarani huku kengele ikilia, ambayo asubuhi yalifungwa dakika arobaini katika kila saa. Waliowahi kuzihesabu dakika hizo walikuwa kamati ya kudai daraja, na kamati hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, mwenyekiti wake, katibu wake na mara nyingi mwanachama wake pekee alikuwa Voula Stamatis.

Voula alikuwa mjane wa miaka sabini na mitatu, aliyeshona mapazia kiwandani mpaka vidole vikapinda. Jumanne asubuhi alimpokea Noreen jikoni kwake, akamsukumia sahani ya biskuti za ufuta kabla hajakaa.

"Getini umekaa dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Leo wamekuonea huruma. Kula. Umekonda kama mti wa bendera."

"Daktari ananiambia ninenepe kidogo tu, Voula, si kwa siku moja."

Walizungumza yale waliyozungumza kila baada ya miaka minne. Voula alitoa daftari la kamati, akasoma idadi ya barua zilizoandikwa kwa waziri na idadi ya majibu, ambayo yote yalisema waziri anathamini sana maoni yao. Kisha akalifunga, akaligeukia dirisha.

"Safari hii sitaki uandike habari za barua," alisema. "Takis wangu ulikuja kumzika, si ndiyo?"

"Nilikuja."

"Sijakusimulia yote. Juni ile, kifua kilipombana, nilipiga simu na gari la wagonjwa likaja upesi sana. Wale vijana hawakuchelewa, nisiwasingizie. Lakini likaja treni la mizigo, halafu la abiria, halafu jingine la kurudi. King'ora nilikisikia nikiwa hapa hapa, nimemshika mkono. Hakikuwa mbali, Noreen. Kilikuwa kinalia mahali pamoja tu. Takis akaniambia, mbona hawaji? Nikamwambia, wanakuja, unawasikia? Dakika kumi na tisa nilimwambia hivyo."

Noreen aliweka biskuti chini. Voula alilipokea hilo kama jibu la kutosha.

"Sasa, shoga yangu, mimi sijawahi kukuomba kitu."

"Uliniomba picha yako ukurasa wa kwanza."

"Ile niliamuru. Leo naomba. Andika kwamba kinatikisika."

"Voula."

"Fernlea walikuwa na geti kama letu hili hili. Gazeti lao likasema kinatikisika, uchaguzi ukapita, wakajengewa daraja, na bustani chini yake, na bomba la kunyweshea mbwa. Mbwa wa Fernlea anakunywa maji ya serikali. Sisi tuna nini?"

"Kalenda."

"Kalenda. Sasa neno moja tu litakupunguzia nini?"

"Nikiandika namba ambayo sikuihesabu, kesho mbunge atanipigia na ya kwake, na keshokutwa mpinzani wake na ya kwake. Namba yangu ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kuaminika kwenye gazeti lile. Zaidi yake ni utabiri wa nyota na matangazo ya mabati."

"Basi ihesabu."

"Nimeihesabu. Sita nukta mbili."

"Nukta mbili." Voula alilitamka neno hilo taratibu. "Nukta mbili ni nini, chumvi?"

Noreen aliinuka kwenda zake akiwa na uchungu. Alimpenda mwanamke yule, na kumnyima alichokuwa na haki ya kumnyima kulimuuma kuliko kama angekuwa na kosa. Mlangoni, ili asiondoke hivi hivi, akatafuta neno la kusaidia.

"Jumamosi ya uchaguzi usisimame kwenye foleni na magoti yako hayo. Kituo cha kura za mapema kimeshafunguliwa, pale karibu na maktaba. Nenda kesho."

Voula alicheka, kicheko cha kwanza cha siku ile.

"Mapema? Nani huku anapiga kura mapema? Nivuke geti, nikae robo saa, nipige kura, nikae robo saa nyingine kurudi, na shule ya kupigia kura iko nyuma ya ua wangu, na siku yenyewe wanachoma soseji? Mtaa mzima huu hakuna mwendawazimu wa namna hiyo. Hayo ya mapema ni mambo yenu nyinyi watu wa ng'ambo."

Geti lilikuwa limefungwa tena. Noreen alizima gari, akakaa na joto na nzi wawili, kengele inalia, na katika dakika ya tano au ya sita yale maneno ya Voula yakamrudia.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kila baada ya uchaguzi tume ya uchaguzi hupanga mipaka upya, na kwa kuwa watu wa kusini walizidi kuongezeka, kila mara kipande cha kusini kilimegwa na kupewa eneo la jirani. Safari hii kilichomegwa ni mtaa wa Seddick, na Seddick ilikuwa ngome ya chama cha serikali, ambacho ndicho cha mbunge. Ili kujua pengo jipya ilibidi kuondoa kura za Seddick katika matokeo ya zamani. Za siku yenyewe ya uchaguzi ni rahisi, kila mtaa una kituo chake na matokeo yake. Kura za mapema ndizo zenye taabu, maana zote hutiwa kwenye sanduku moja, na hakuna anayejua ipi ya nani. Noreen, miaka yote tangu kura za mapema zianze kuwa nyingi, alizigawa sawa kwa kila mtaa kulingana na wakazi wake. Aliona ni haki. Seddick ni robo ya watu, basi ichukue robo ya kura za mapema.

Lakini kama watu wa kaskazini hawavuki kwenda kupiga kura mapema, basi lile sanduku ni la watu wa kusini karibu lote. Seddick haikuwa na robo, ilikuwa na zaidi sana. Ikitoka, inatoka na kura nyingi zaidi za serikali, na pengo linalobaki ni dogo kuliko alivyoandika. Mageti yale yalikuwa yameingia mpaka kwenye hesabu zake, na yeye anayeishi hatua chache kutoka kituoni, anayepiga kura yake mapema kila mara akitoka kununua mkate, hakuwahi kulifikiria hilo.

Geti lilifunguliwa. Gari la nyuma lilimpigia honi mara mbili ndipo akaondoka.

Maktabani aliitafuta barua pepe ya tume. Kila baada ya uchaguzi tume ilimtumia matokeo pamoja na viambatisho vitano, na Noreen alifungua vya kwanza vitatu, kwa kuwa kazi yake iliishia hapo. Cha nne kiliitwa kwa jina refu la kiofisi, na ndani yake, safi kabisa, palikuwa na idadi ya waliopiga kura mapema kwa kila mtaa walikoandikishwa. Hakuna siri wala hila. Kaskazini yote, mmoja kati ya kumi na wawili. Seddick, mmoja kati ya wawili.

Alikaa akiitazama. Kisha akaanza hesabu upya kwa kalamu, kwenye karatasi, kama alivyofundishwa na mhariri wake wa kwanza ambaye sasa ni marehemu. Alipata tano nukta tatu. Akaogopa mkono wake mwenyewe. Akajiuliza kama si huruma iliyokuwa ikijumlisha. Akarudia kuanzia chini kwenda juu. Tano nukta tatu. Jumatano akairudia kwa mara ya tatu, kituo kwa kituo, ukumbi wa skauti, kanisani, shuleni, akijaribu kwa makusudi kuinyima Kallaroy kila kura yenye shaka. Tano nukta nne. Kiti kilikuwa kinatikisika, na hakuna aliyekitikisa ila ukweli.

Angepaswa kufurahi. Alikuwa na jibu ambalo Voula aliliomba, na hakuhitaji kumdanganya mtu. Kwa saa chache, kweli, alifurahi. Alijinunulia keki ya nazi na chokoleti akaila ndani ya gari. Alhamisi asubuhi ndipo simu ilipolia.

"Noreen, gwiji wetu. Jarrod Pym hapa, makao makuu ya chama."

Jarrod alikuwa mtu wa mikakati wa chama cha serikali. Hupiga simu mara moja katika miaka minne, sauti ya furaha kama ya muuza bima.

"Nini, Jarrod?"

"Huyo ndiye Noreen ninayemjua. Namba ya Kallaroy umeshapata? Ninafunga orodha leo jioni."

"Itatoka kesho gazetini."

"Ah, nipenyezee tu. Haitoki nje."

"Kwani nyinyi hamna watu wa hesabu?"

"Tunao, wa viti vya jiji. Huko kwenu pembeni nani amlipe mtaalamu? Tunachukua namba ya gazeti la mtaa, tunaitia kwenye orodha. Chini ya sita mnaingia kwenye mfuko wa ahadi, barabara, madaraja, mnavyotaka. Sita na kupanda, poleni, tuonane baada ya miaka minne. Mara ya mwisho mlikosa kidogo tu, nakumbuka. Sita nukta nne. Fernlea walikuwa tano nukta nane, wakaingia."

Mstaafu wa meza ya jirani aliinua macho, kwa kuwa ndani ya maktaba watu hawasemi kwa simu. Noreen akatoka nje, akasimama juani.

"Mara ya mwisho mlitumia namba yangu," alisema.

"Yako, ndiyo. Na ya kabla yake. Hiyo ndiyo sifa yako, Noreen, wewe hukosei. Haya, ngapi?"

"Tano nukta tatu."

Jarrod alipiga mluzi. "Mbunge wenu leo hatalala. Asante, mrembo."

Angeweza kuishia hapo. Wasifu ulikuwa tayari, namba ni sahihi, na hakuna mtu duniani aliyekuwa akimdai hesabu za miaka minne iliyopita. Alirudi mezani. Halafu akakitafuta kiambatisho cha nne cha uchaguzi wa nyuma yake, ambacho nacho kilikuwa kimekaa kwenye barua zake bila kufunguliwa, akachukua karatasi mpya.

Ile mara kipande kilichomegwa kilikuwa kidogo, lakini nacho kilikuwa cha kusini, na wakazi wake nao walipenda kupiga kura mapema. Haikumchukua saa nzima. Aliandika sita nukta nne miaka minne iliyopita. Ilipaswa kuwa tano nukta sita.

Noreen alikwenda msalani akajifungia. Hakulia, hakuwa mtu wa machozi. Alisimama ameegemea ukuta wa vigae na kuhesabu miezi, ingawa alishajua jibu. Uchaguzi ule ulikuwa Machi. Daraja la Fernlea lilimalizika kabla ya miaka miwili kutimia. Takis Stamatis alikufa Juni ya mwaka wa tatu.

Ijumaa aliupeleka wasifu saa nne asubuhi, na mwishoni, chini ya namba mpya, alikuwa ameongeza sentensi mbili: kwamba katika wasifu wa uchaguzi uliopita mwandishi huyu aligawa vibaya kura za mapema, na kwamba pengo la Kallaroy wakati ule lilikuwa asilimia tano nukta sita, wala si sita nukta nne kama ilivyochapishwa. Brodie alipiga baada ya nusu saa.

"Nzuri sana, Nor. Kinatikisika, watu wataipenda. Zile sentensi za mwisho nimezitoa."

"Zirudishe."

"Za nini? Za miaka minne iliyopita? Nani alilalamika?"

"Hakuna."

"Sasa unajikamata mwenyewe? Maneno mia sita tulikubaliana, na ukisema ulikosea mara ile, nani ataamini ya safari hii? Mimi ninakulinda, bibie."

"Hunilindi mimi, Brodie."

"Basi nalilinda gazeti. Imeshakwenda mtandaoni, Nor. Pumzika. Umefanya kazi nzuri."

Na yeye, aliyewahi kugombana na wahariri wawili mpaka wakahamishwa, alisema "haya", akakata simu. Alikuwa amechoka. Hilo ndilo lililomtia aibu baadaye kuliko hesabu zenyewe, kwamba alisema "haya".

Siku kumi zilipita, ndipo waziri akaja getini. Alikuja saa nne asubuhi ya Jumanne, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani, na mbunge pembeni yake, na Jarrod Pym nyuma yao ameshika ramani kubwa ya daraja lililochorwa lina miti chini yake. Kengele ililia mara tatu wakati wa hotuba, na kila mara waziri aliinua mikono akasema, mnasikia wenyewe, na watu wakacheka. Fedha zimetengwa, alisema. Serikali ikirudi madarakani ujenzi utaanza mwaka huu. Mpinzani wa mbunge alitoa ahadi ile ile saa nane mchana, amesimama mahali pale pale, kwa hiyo daraja sasa lingekuja vyovyote vile.

Voula alikuja na nguo zake nyeusi na sahani ya biskuti. Waziri alikula moja mbele ya kamera, Jarrod akala tatu. Mwandishi wa televisheni alipomuuliza anajisikiaje, Voula alimvuta Noreen kwa mkono mpaka mbele.

"Mniulize huyu," alisema. "Miaka kumi na mmoja nimeandika barua, hakuna aliyesoma. Huyu ameandika namba moja. Daraja hili ametupa Noreen Tasker."

Watu wa kaskazini walipiga makofi. Noreen alitazama chini, na kila mtu akadhani ni unyenyekevu.

Magari ya wakubwa yalipoondoka, waliobaki walitawanyika mmoja mmoja mpaka wakabaki wao wawili, wamekaa kwenye benchi la nje ya stesheni, sahani katikati yao. Voula alikuwa amevua viatu. Uso wake ulikuwa umelainika kuliko Noreen alivyowahi kuuona tangu msiba.

"Nilimwambia Takis asubuhi," alisema. "Nimekwenda makaburini kabla ya kuja. Nikamwambia, mzee, limepatikana."

Noreen alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Voula, kuna kitu Brodie alikikata kwenye wasifu."

"Picha yangu?"

"Hapana. Mara ya mwisho, miaka minne iliyopita, nilikosea hesabu. Zile kura za mapema. Nilidhani watu wa kaskazini nao wanavuka. Karatasi ya kunionyesha nilikuwa nayo, sikuifungua."

"Ulikosea kiasi gani?"

"Niliandika sita nukta nne. Ilikuwa tano nukta sita."

Voula alikuwa amehudhuria mikutano mingi mno asielewe. Aliangalia vidole vyake.

"Tano nukta sita iko chini ya sita."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na sisi tulikuwa tunatikisika."

"Ndiyo."

"Na hawa wenye mfuko, walisoma ile yako."

"Walisoma yangu. Nimewauliza."

"Fernlea walimaliza lini?"

"Mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili." Aliinamia viatu vyake, akavivaa kimoja kimoja, kazi iliyochukua muda kwa sababu ya vidole. "Hizo nukta, kutoka uliyoandika mpaka ya kweli, ni watu wangapi?"

"Kama mia tatu na ishirini."

"Mia tatu na ishirini," Voula alisema. "Kwenye mazishi ya Takis walikuja zaidi ya hao."

Noreen alifungua kinywa.

"Usiniombe msamaha," Voula alimkatiza, bila ukali. "Si leo. Ungenyamaza tu, mbona umeniambia?"

"Ulikuwa unanishukuru."

Voula aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ni kweli ndiyo bei yake. Alizifunika biskuti zilizobaki kwa kitambaa, akaibeba sahani kwa mikono miwili, akatazama kushoto na kulia, akavuka reli kwenda kwake bila kumwambia karibu.